Kahawa Haihami

Keti hapa karibu nami, rafiki, maana juzi nilirudi Litembo na nikakuta maneno ya kuniudhi. Kijana wa bodaboda aliyenipandisha kutoka Mbinga alinitupia: "Shangazi, enzi za Rais wa kwanza wazee wenu walikuwa watu wa ndiyo tu." Kona za mlimani zilinifanya nishikilie pikipiki kwanza. Sasa najibu.

Ni kweli, chama kilikuwa kimoja. Lakini ubunge uligombewa na watu wawili, tena kwa masharti: walikuja kwa gari moja, wakapanda jukwaa moja, wakaketi benchi moja, mmoja kapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba, ili hata asiyejua kusoma awatambue. Na walilazimika kusema Kiswahili, asije mtu akaomba kura kwa kabila lake.

Nyumbani tulisema Kimatengo. Kiswahili cha bibi yangu kilitoka darasa la watu wazima, alikokwenda jioni mikono ikinata ute wa kahawa tuliyoshinda tukiimenya, nami nikibaki kuchochea moto wa maharage.

Mwaka mmoja wa uchaguzi ilikuja amri ya serikali tuhamie kijiji kipya kando ya barabara. Mibuni yetu ilikuwa mlimani. Wagombea walipofika, bibi akasimama.

"Ndugu mgombea, tukihama, kahawa nayo inahama?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mama, umesikika. Keti."

"Nimesikika. Nimejibiwa?"

"Keti, mama!"

"Miguu inayochoka ni yangu, mwanangu. Ajibu kwanza."

Mgombea wa jembe akajifuta jasho, akakiri mbele ya wote kwamba kahawa haihami, na kwamba swali lile atalifikisha kwa wakubwa. Sijui kama alilifikisha. Najua tulilala mlimani mwaka ule, na uliofuata, na amri haikupanda kutufuata.

Serikali ile ile iliyotaka kumhamisha ndiyo iliyompa lugha ya kuibishia. Usiniambie nikumbuke moja tu. Nayakumbuka yote mawili.

Leo vyama ni vingi, na kila mgombea ana gari lake, jukwaa lake na muziki wake. Benchi lile moja, ambapo wawili waliketi bega kwa bega wakisubiri swali la mkulima, halipo tena. Bibi naye hayupo. Tulimzika kule kule juu.

Mkutano wa kijiji ukitangazwa, nenda mapema. Simama, uliza, na usiketi kabla hujajibiwa.