Saa ya Dada Zainab Haina Kosa

Dada yangu Zainab anavaa saa ya mkono inayosoma Kiswahili. Mchana Waingereza wanapoona mbili kwenye saa zao, yake inaonyesha nane, kama inavyotakiwa. Tulipoingia nchi hii kutoka Pemba mwaka 1996 aliisogeza mara moja tu, ifuate mchana wa London, kisha akaiacha hivyo. Ni karani hospitali, na bosi wake wa kwanza alimwomba aivue kwa kuwa inawachanganya wagonjwa. Akamjibu kwamba wagonjwa hawaji pale kutazama mkono wake. Hajachelewa kazini hata siku moja. Mimi Ameir, mdogo wake, mwenye saa ya Kiingereza, nimechelewa mpaka nimezoea kuomba radhi.

Nawaeleza mambo ya saa mapema kwa sababu ndiyo yaliyotaka kutuponza Jumamosi moja ya Januari mwaka huu, pale Barking, mashariki mwa London, kwenye klabu ya kompyuta za zamani.

Kompyuta iliyotupeleka huko ilianza kuwa yetu kabla Zainab hajapata ukarani. Kazi yake ya kwanza hapa London ilikuwa kufanya usafi katika ofisi ya wahandisi. Kwenye meza moja palikuwa na mashine ya kuchorea ramani, boksi bapa la kijivu lenye skrini nzito ya kioo, iliyotengenezwa mwaka 1992. Mhandisi mmoja alimwona anaitazama kila akiifuta vumbi, akamwonyesha namna ya kuiwasha na akamruhusu aitumie saa ya chakula. Wenzake walicheka. Zainab aliwaacha wacheke, akakaa.

Alichora herufi. Mama yetu anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, na mwandiko wake ulikuwa unasifiwa Wete nzima. Hapa London yeye ndiye aliyekuwa akiandika matangazo ya kina mama wa kwetu: khitma, harusi, maulidi, kila karatasi kwa mkono. Zainab alichukua zile karatasi akazinakili kwenye skrini nukta kwa nukta, pamoja na herufi za p na ch na v ambazo mashine za wakati ule hazikuwa nazo. Miezi saba ya saa za chakula! Alipomaliza, ukiandika kwenye kibodi, skrini inatoa mwandiko wa mama. Kina mama walipopokea matangazo ya mwanzo yaliyochapwa walimpa mama pole ya kuandika nakala mia.

Ofisi ilipohama, mashine ikawekwa nje ya kutupwa. Zainab aliipakia kwenye kigari cha sokoni, akapanda nayo mabasi mawili, na skrini akairudia kesho yake. Miaka yote hiyo ilikaa kabatini.

Mwaka juzi mama aliugua, na tangu hapo mikono yake inatetemeka. Kalamu haishikiki. Zile karatasi za zamani zilikuwa zimeshaharibika bomba lilipopasuka jikoni. Kwa hiyo mwandiko wa mama umebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye diski ya mashine ile, na unafunguliwa na programu moja tu, iliyoandikwa kwa ajili ya mashine za aina ile.

Nyumbani hapana nafasi tena, kitanda cha mama kiko sebuleni. Ndipo Zainab akaipeleka klabu na kuikabidhi kwa saini, kwa ahadi kwamba atapewa meza na muda wa kuifufua. Klabu ina chumba ndani ya jumba moja la jamii, na mwenyekiti wake ni mama mmoja anaitwa Ann, mtu wa orodha na stika. Wiki ya pili ya Januari akatangaza kwamba wenye jumba wanataka nusu ya chumba. Kila kisichofanya kazi kitaondoka Jumamosi saa kumi na moja jioni na gari la kuchukua vyuma chakavu. Akabandika stika nyekundu kwenye mashine yetu: HAIFANYI KAZI.

"Mimi ndo ntakayeibandua," Zainab akaniambia kwenye gari. "Na kama si mimi, basi anibandike na mie."

Shida ilikuwa moja. Diski yenye mfumo wa uendeshaji wa mwanzo ilikuwa imekufa, ya pili yenye kazi zake ilikuwa bado hai. Zainab na watu wa klabu wakaweka mfumo mwingine wa bure, toleo la zamani, ambao bado unazijua mashine zile na unaweza kuendesha programu ya herufi. Lakini programu ikifunguliwa inakufa, inasema memori haitoshi. Memori ya mashine ile ni ndogo kuliko ya simu yangu niliyoivunja kioo, na sehemu kubwa ilikuwa imeliwa na kernel. Zainab anaiita kiini. Ndicho kinachozungumza na vyuma vyenyewe, diski, skrini, kibodi, na kiini cha kawaida hubeba maelekezo ya kila kifaa kilichowahi kutengenezwa, hata usichokuwa nacho. Dawa ni kukipunguza. Kuna faili lenye orodha, kila kifaa na mstari wake. Unapitia, mstari usiohitajika unauziba kwa alama ndogo ili mashine isiusome, kisha unaiamuru mashine ijenge kiini upya.

Jumamosi hiyo tulifika saa nne asubuhi. Douglas alikuwepo tayari. Ni Mwingereza mstaafu, alikuwa fundi wa simu, mtu mwema kabisa ila ni mmoja wa wale wanaoweza kukueleza jina lako mwenyewe. Alisema kwanza tujenge kiini cha kawaida bila kugusa kitu, tuone kama zana za ujenzi ni nzima. Akaiwasha mashine, na kwa vile betri ya saa yake ilikufa zamani na kila umeme ukikatika inasahau wakati, akaiandikia saa kwa kutazama mkono wake: 10:00. Ujenzi ulichukua saa mbili na nusu. Zana zilikuwa nzima. Programu ya herufi ikafunguliwa, ikafa vilevile kama tulivyotarajia.

Douglas akazima mashine akaze waya wa skrini, kisha akaenda kula.

Zainab akaiwasha tena. Ikamuuliza saa. Akatazama mkono wake, saa saba kamili, akaandika 07:00, wala hakuwaza lolote, na mimi niliyekaa pembeni nikila sambusa sikuwaza zaidi yake. Akafungua ile orodha na kuanza kuipitia kama anayechambua mchele. Kadi za mtandao ambazo hatuna, akaziba. Vifaa vya sauti, akaziba. Aina tano za skrini, akaacha moja. Akaamuru ujenzi.

Ukamalizika kwa dakika tatu.

"Umeona?" akanigeukia uso unang'aa. "Nimekipunguza kweli!"

Akaanzisha upya, akafungua programu. Memori haitoshi.

Akarudi kwenye orodha, akaziba mistari mingine kumi na kitu. Dakika tatu, memori haitoshi. Douglas alirudi akasimama nyuma yake na kikombe cha chai. Kwa upole wake ule unaochoma akasema labda mashine imefika mwisho, si kila kitu huwezekana, na kama anataka, yeye ataipiga picha nzuri kabla haijaondoka. Ann naye akapita akiwa na toroli, akaangalia stika yake kama imeshika vizuri.

Niseme ukweli, nilitaka kumwambia dada yangu tuondoke. Nilimwonea uchungu. Ilikuwa saa nane na nusu, kiti chake kigumu, na wale watu wawili wanamhurumia. Zainab hapendi kuhurumiwa. Nilimwona anavuta pua kama anavyofanya akikasirika.

"Sitaki picha," akamwambia Douglas kwa Kiingereza. Kisha kwa Kiswahili, peke yake: "Hebu nione ukubwa wako, mwanaharamu wewe."

Akaitisha ukubwa wa kiini kipya. Akalinganisha na ukubwa wa kile cha asubuhi alioandika kwenye karatasi. Tarakimu zilikuwa zile zile, mpaka ya mwisho.

"Ameir, hichi si kipya. Mashine haijajenga kitu. Toka saa saba inanichezea."

Akaitisha orodha ya mafaili na nyakati zake, na hapo hata mimi nikaona. Vipande vya kiini vilivyojengwa asubuhi viliandikwa 11:20, 12:05, 12:40. Orodha aliyoibadilisha yeye baada ya hapo iliandikwa 07:35. Na zana ya ujenzi ni mvivu kwa makusudi: hutazama nyakati, ikiona kipande kimejengwa baada ya orodha kubadilishwa, husema hapana kazi, hulala. Kwa hesabu yake, Zainab alibadilisha orodha kabla ya asubuhi ya Douglas.

Akatazama skrini. Akatazama mkono. Akanitazama mimi. Kisha akacheka, kicheko cha kumfanya Ann atoe kichwa mlangoni.

Douglas naye alishaelewa nusu. "Saa yako ina makosa," akasema. "Iko nyuma saa sita."

"Haina kosa hata la dakika moja."

"Zainab, sasa ni saa mbili na nusu."

"Hiyo ni yako. Yangu nane na nusu. Sisi tunahesabu tokea kunapokucha, nyie mnahesabu tokea mmelala."

Douglas akahesabu kwa vidole. Halafu akasema jambo la maana, lazima nimpe haki yake: bado kuna saa mbili na nusu, kiini kilichopunguzwa kitachukua saa moja na nusu, arekebishe saa ya mashine sasa hivi, afute vipande vyote, aanze upya. Akanyoosha mkono kwenye kibodi aandike saa mwenyewe.

Zainab akakizuia kidole chake kwa upande wa kalamu.

"Nani atakayekuwa anaiwasha kila Jumamosi?" akamuuliza. "Wewe?"

"Wewe, nadhani."

"Mimi. Na ntatazama mkono huu huu. Leo nikijirekebisha mimi, wiki ijayo ntasahau. Miaka yote hii naambiwa nijirekebishe mimi. Zamu hii ijirekebishe mashine."

Akarudi kwenye orodha, akaenda chini kabisa, kwenye mistari ambayo sote tulikuwa tumeiruka. Mmojawapo ni wa kukiambia kiini kwamba saa ya mashine imepishana na saa ya Greenwich kwa dakika ngapi. Ulikuwa na sifuri. Akaifuta sifuri, akaandika 360. Saa sita kamili. Douglas akainama kusoma, akasema taratibu kwamba mstari ule uliwekwa kwa ajili ya jambo hilo hasa, na kwamba katika maisha yake hajamwona mtu aliyeuhitaji.

"Basi umemwona," Zainab akasema.

Akafuta vipande vyote vya asubuhi. Akaamuru ujenzi. Safari hii haukwisha kwa dakika tatu, na sijawahi kufurahi hivyo kuona kitu kinachelewa. Mistari ilipanda skrini mmoja mmoja. Saa tisa ikapita. Gari la vyuma chakavu likafika mapema, dereva akakaa ndani anakula. Ann akaanza kutoa vitu vya rafu ya juu. Mara mbili aliuliza kama achukue na hiki, na mara mbili Zainab akamwonyesha skrini kwa kidole.

Saa kumi na dakika kumi ujenzi ukaisha. Ukubwa ulikuwa chini ya nusu ya ule wa asubuhi. Akaianzisha mashine upya. Chipu yake ya kutunza saa ilikuwa na saa ya Kiswahili, skrini ikaandika ya Kiingereza, na hakuna aliyekosea. Akafungua programu ya herufi. Sanduku jeupe likatokea, likabaki tupu kwa muda niliouona mrefu sana, kisha herufi zikajipanga mstari kwa mstari kutoka kulia: alifu, be, pe ya nukta tatu. Mkia wa nuni umevutwa kidogo kupita kiasi, kama alivyokuwa akiuvuta mama akiwa na haraka.

Nililia. Nasema wazi, sioni haya.

Zainab hakulia, alikuwa na shughuli. "Mpigie mama, muonyeshe."

Nikampigia kwa video, nikaielekeza simu kwenye skrini. Mama aliinamia simu. Halafu akasema, "Huo mkono wangu."

"Ndio, mama."

"Mimi sijaandika siku nyingi."

"Utaandika leo," Zainab akasema. "Sema unachotaka, mie nitabonyeza. Mkono utakuwa wako."

"Niandike nini mie?"

"Lolote. Kuna bibi hapa anataka kuitoa mashine, anasema muda umekwisha."

Mama akakohoa kidogo. Mtu aliyeacha nyumba yake Wete akiwa na miaka hamsini na sita hahitaji kufikiri sana juu ya jambo kama hilo. Alitaja neno moja, na Zainab akalibonyeza herufi kwa herufi.

Saa kumi na dakika hamsini Ann alikuja na toroli. Akasimama mbele ya skrini, akatazama lile neno kubwa jeusi, mwandiko wa mtu ambaye mkono wake haujatetemeka hata mara moja.

"Linasema nini?" akauliza.

"Siondoki," Zainab akasema, na akanyoosha mkono wenye saa, akaibandua stika.