Uso wa Bwana Fishbein

Hinda Perlmutter alizaliwa Bronx, juu ya duka la vifungo, na mpaka vita vilipoanza alikuwa akichora kofia za kike kwa matangazo ya magazeti. Wanaume wa karakana ya katuni ya Bwana Kessler walipoitwa jeshini mmoja baada ya mwingine, Kessler alitafuta mtu mwenye mkono mtulivu. Hinda akaenda na brashi yake mwenyewe. Mwanzoni alipitisha wino tu juu ya michoro ya penseli ya wengine. Mchoraji mkuu alipochukuliwa naye, Hinda alirithi kiti chake, na pamoja na kiti akamrithi Bwana Kulabu.

Huyu Bwana Kulabu alikuwa shujaa wa vitabuni, mwenye barakoa, aliyewawinda wezi na walanguzi kwenye gati za Manhattan. Watoto walimpenda sana, ila kila mwezi alihitaji adui mpya. Mwezi ule Kessler alitaka mlanguzi wa nyama, maana nyama iliuzwa kwa kuponi za mgao wa vita na watu walinong'onezana kuhusu nyama inayopitia milango ya nyuma.

"Mpe jina la kuchukiza, na sura ya kuchukiza," alisema. "Kurasa nazitaka Ijumaa."

Hinda alimwita Mafuta. Sura hakuifikiria. Katika kazi ile, haraka ikimbana mchoraji, mkono huchora watu unaokutana nao kila siku. Mkono wa Hinda ukampa Mafuta mashavu yaliyolegea, nyusi zilizokutana na jino la mbele lililomeguka. Kitabu kilipotoka ndipo Hinda, akiwa mbele ya kibanda cha magazeti, alipotambua kwamba amemchora Bwana Zelig Fishbein, mwenye bucha mtaani kwao, ambaye hajawahi kuuza hata shingo ya kuku bila kuponi.

Mtaa ulikuwa umeshaona. Watoto walipita buchani wakipiga kelele, "Mafuta! Nyama umeificha wapi?" Akina mama nao wakaanza kwenda bucha ya mtaa wa pili. Hawakuwa na chuki naye. Ila hakuna aliyetaka kukutwa mle wakaguzi wa kuponi wakitokea.

Fishbein alimkamata Hinda njiani, aproni yake ina damu.

"Wewe binti wa Perlmutter! Nimekukosea nini mimi?"

"Sikukusudia, Bwana Fishbein. Ni mkono tu."

"Mkono! Basi mkono huohuo umuue."

"Umuue nani?"

"Mimi! Yaani yule! Mtose mtoni, mpige radi, sijui huko kwenu mnauaje watu. Bucha inakufa, binti. Mwezi ujao nisijione."

Hinda akampelekea Kessler ombi hilo. Kessler alicheka mpaka akakohoa.

"Mafuta ndiye anayeuza kitabu! Hafi mpaka vita viishe. Na ukimharibu watoto wakamkataa, dada yangu, hicho kiti nina wa kumpa."

Nyumbani kwa Hinda baba alikuwa mgonjwa wa mapafu na kaka alikuwa vitani. Hinda asingeweza kukiacha kiti, wala asingeweza kumwacha Fishbein vile. Siku nzima alichora na kufuta. Akibadili pua, watoto wangesema huyu si Mafuta. Mwishowe, mchoroni, akampindulia Mafuta pipa la lami ya moto, naye akainuka amevaa gunia kichwani, limefungwa shingoni kwa kamba, na matundu mawili ya macho.

Kessler aliugonga mchoro kwa kidole.

"Gunia?"

"Ameungua, anaficha sura. Na gunia nalichora upesi, bosi. Sura ilikuwa inanilia asubuhi nzima."

"Sasa mbona hukulifikiria mapema?" alisema Kessler, akapitisha.

Kitabu kipya kilipotoka, Hinda alikipeleka buchani mwenyewe. Mteja alikuwa mmoja tu, Bibi Gruber, jirani. Fishbein alifuta mikono, akakipekua ukurasa kwa ukurasa.

"Na tumbo? Hili tumbo la nani?"

"La mume wangu," akadakia Bibi Gruber. "Nalijua hata gizani. Nipimie nyama, mzee, acha maringo."

Fishbein hakucheka, lakini aliubandika ukurasa wa gunia kwenye kioo cha dirisha, ukitazama nje. Wiki ile watoto wote wa mtaa wakavaa magunia kichwani, wakawa akina Mafuta, na wakamsahau yeye. Akina mama walirudi polepole, kila mmoja akijifanya hajawahi kuondoka.

Hinda alipopita tena, Fishbein alimwita kutoka mlangoni.

"Umeniponya, sikatai. Ila sasa wananimalizia magunia ya chumvi, mashetani hawa! Mwezi ujao huyo mtu mvalishe ndoo."