Nailoni ya Mama Juu ya Paneli

Walisema sitaweza. Mjomba alisema diploma ya umeme ya ng'ambo haitawasha hata balbu moja huku Mau Narok, ambako nguzo za stima hazijafika. Singasinga mwenye duka la vifaa vya stima mjini Nakuru aliniambia, "Jua la kwenu lina blanketi, bwana." Hata hivyo wote wawili walinikopesha, maana maneno ninayo. Mama naye aliuza kondoo, akanipa pesa bila hata kuniuliza maswali.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilifunga paneli ya umeme wa jua juu ya mabati ya mama, ya kwanza upande ule wote, nikaanza kuwachajia watu betri. Haukupita muda, nguvu ikaanza kupungua. Nikapanda ngazi. Chini ya kioo kulikuwa na ukungu, na kwenye kisanduku cha nyaya, kutu ya kijani. Unyevu ungeingia zaidi, paneli ingekufa, na pesa za watu zingekufa nayo.

"Nani ameigusa?" nikauliza.

"Ni mimi," mama akasema. "Kila jioni naifunika na nailoni kama miche ya kabichi. Hii baridi itaua kitu yako, baba."

"Mama! Ndani ya nailoni inatoa jasho usiku kucha!"

"Sasa si ungesema? Kwani ni nani alisoma?"

Nilicheka hadi ngazi ikatikisika. Kisha nikaonyesha nilichosomea. Niliishusha paneli, nikaianika kwenye jua hadi ukungu ukatoweka. Nikasugua kutu kwa msasa, nikapaka grisi kwenye viungo vya nyaya, nikaziba kingo zote kwa puti. Nikairudisha paani juu ya miguu ya mbao, ikiwa imeinama ili mvua iteleze na upepo upite chini yake. Mama alishika ngazi akiamrisha, "Inamisha tena! Hapo maji yatalala!" Na alikuwa sahihi.

Masika yakaja, yakapita, ndani pakabaki pakavu. Betri zikaletwa kwa punda na kwa baiskeli, hata kutoka mashamba ya mbali. Nikamlipa Singasinga, nikamlipa mjomba mbele ya wake zake, kisha nikaweka noti za mwisho mezani kwa mama.

"Mimi sikukukopesha," akasema. "Nilikupa."

"Basi nimezirudisha."

Akazifunga kwenye leso haraka, nisije nikabadili nia.