Hodi Kutoka Ndani

Juzi mwanangu alikuwa akiangalia kwenye simu ile katuni ya Kijapani ya wapishi waliokwama kwenye chombo cha angani. Roboti wao hugonga mlango kutoka ndani na kupiga hodi, na mlango haufunguki. Nilicheka, kisha ni kama nikaisikia tena harufu chachu ya kahawa iliyotoka kumenywa nyumbani kwetu zamani.

Nilipokuwa mdogo, dada yangu Yustina alitaka kuolewa na mvuvi wa Chiwanda, kule ziwani. Mama hakumtaka yule kijana, akamfungia dada chumbani, na mimi nikawekwa humo nimchunge. Kwa utoto wangu nilidhani sote wawili tunaadhibiwa kwa kushinda kwenye kibanda cha video. Mama alikuwa nje ya mlango, akichambua kahawa kwenye kichanja.

"Ile katuni ya wapishi umeiona?" dada aliniuliza. "Usiikose, mdogo wangu. Utacheka mpaka mbavu ziume."

Akanisimulia yote, akamwigiza hata roboti, akagonga mlango wetu. "Hodi!"

Nikaitikia kwa furaha, "Karibu!"

Dada hakucheka. Aligonga tena, taratibu. "Mama, hodi."

Kule nje mikono ya mama ikatulia. Kisha kahawa ikaanza tena kuchakarika.