Nati za Mguu wa Baba

Harufu ya grisi ikichanganyika na ya dawa ya kidonda hunirudisha Muyinga, kwa baba yangu, fundi baiskeli. Mfupa wa mguu wake ulivunjika, ukaoza, ukakataa kuunga. Madaktari wengine walishasema ukatwe. Daktari wa Gitega akakwangua uozo, akauzungushia mguu vyuma kwa nje, vilivyokazwa kwa nati.

"Nati zangu usiziguse," alimwonya.

Baba hakuwahi kuamini nati iliyokazwa na mtu mwingine. Mama akafukia spana zote kwenye unga wa muhogo.

"Mi nasikia hii iko inalegea," baba alilalamika kila siku.

"We, huo ni mguu, si baiskeli," mama alimjibu.

Miezi ilipita, mfupa ukaunga. Daktari akainama kukagua vyuma, akanusa. Kila nati iling'aa grisi.

"Spana nilizificha zote," mama akajitetea.