Kitambaa cha Kufutia Paka

Mjane mmoja, fundi cherehani, alikuwa na paka wengi, lakini wa moyoni alikuwa mmoja, dume kongwe aliyemwita Bwana Mkubwa. Alikuwa paka wa marehemu mumewe, na tangu mazishi ndiye aliyelala upande wake wa kitanda. Wengine walikuwa paka tu. Huyu alikuwa mboni ya jicho.

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, fundi aliwafuta wote macho na pua kwa kitambaa kimoja, toka wa kwanza hadi wa mwisho. "Wanangu wa kuzaa niliwafuta hivihivi," alijigamba, "na hakuna aliyekufa." Kichwa ngumu mama huyo, we acha tu.

Siku moja mdogo wake alimletea kitoto cha paka kinachochuruzika kamasi.

"Ni mafua tu hayo, dada," alisema, akajiondokea zake.

Asubuhi iliyofuata kitoto kilifutwa kama wenzake. Tena kilitangulizwa, maskini, kwa kuwa ni mgonjwa.

Haukupita muda nyumba nzima ikawa chafya. Paka vijana waliyumba wakapona. Bwana Mkubwa aligoma kula, ulimi umejaa vidonda, na fundi akambeba mbiombio kwa daktari wa mifugo.

"Virusi hivi ni vya kawaida mno, mama," daktari alisema huku akinawa mikono. "Paka wanaoishi pamoja wengi wanavyo. Vijana hupona, ila wanaweza kubaki navyo na kuwagawia wenzao. Vichanga na wazee ndio wanaoondoka. Mgonjwa wa kwanza ulimtenga?"

Fundi alimweleza habari ya kitambaa.

"Basi umemwambukiza kwa mkono wako mwenyewe," daktari alisema, akamwita mteja mwingine.

Bwana Mkubwa alikata roho mapajani mwake kabla hawajafika nyumbani. Fundi alilia mpaka sauti ikamkauka, na machozi yalipokwisha akabaki na chuki tupu.

Mdogo wake alipokuja kutoa pole, alikikuta kitoto kimenenepa, kinakimbizana na vipande vya nguo sakafuni.

"Si nilikwambia ni mafua tu! Nipe nirudi nacho, dada. Paka wangu kazaa, vitoto hata macho havijafumbua. Wanangu wanavyovipenda, hawataki hata kwenda kucheza nje!"

Fundi alikumbuka maneno ya daktari, yote, mpaka la mwisho. Akasimamisha cherehani.

"Kichukue," alisema. "Na ukilaze navyo pamoja, kisione baridi."