Dumu Lililosuuzwa

Kaka yangu mkubwa nilimvunja meno mawili mbele ya mchungaji, siku ya kurusha ndege yetu kwa mara ya kwanza. Sitafuti huruma. Nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua.

Ndege tuliiunda wenyewe, yeye na mimi, miaka minne, kwenye banda la zamani la kahawa juu kidogo ya Usa River. Viti viwili, mabomba ya alumini, injini ndogo iliyokuja kwenye sanduku. Mkaguzi alikuwa ameshapita, karatasi zote ziko sawa. Yeye rubani, mimi mafuta, basi. Injini ikimeza maji angani inazima, na huko juu hakuna pa kuegesha. Kwa hiyo kila tone la petroli nililipitisha kwenye ngozi laini, ile ya kufutia vioo vya magari: petroli inapita, maji yanagoma. Kisha nachota kidogo kwenye chupa ya kioo, naiacha itulie, natazama chini. Kaka alikuwa ananicheka, "Muuza chai, umeshachuja?"

Asubuhi ile ukungu wa Meru ulichelewa kuondoka. Nusu ya usharika ilikuwa imesimama kwenye nyasi, mchungaji keshavaa kanzu, mama yuko na gauni jipya. Kaka alikuwa amerudi na dumu la petroli kutoka kituoni, ananifokea: "Fanya haraka bwana, watu wanasubiri!" Nikalimimina kwenye tangi. Mchungaji akaomba, na akiomba yule haombi kidogo. Tukasema amina, kaka akapanda, akawasha.

Ndipo nikainama kuliondoa dumu njiani. Linang'aa! Dumu letu, lenye vumbi jekundu na grisi miaka yote, linang'aa kama la maziwa. Nikamgeukia mama. Akanipigia kelele sikioni, kwa furaha kabisa, kwamba juzi aliliazima kuletea petroli ya pampu ya bustani. "Nikalisuuza mara tatu, mwanangu! Chombo cha mtu hakirudi kichafu!"

Mabaki ya dumu nikayakung'utia kwenye chupa. Chini yakatulia maji, unene wa kidole. Mpini wa dumu uko wazi ndani. Ukilisuuza, maji yanajificha humo hata ukiligeuza.

Nilikimbia. Nikazungukia nyuma, mbali na panga boi, nikafungua mlango. "Zima! Shuka!"

"We mwehu? Toka!" Akanisukuma kifuani.

Nikamkamata ukosi, nikamvuta. Mkanda alikuwa bado hajafunga, tukaanguka wote chini. Akanipiga kichwa cha pua. Mimi nikampiga ngumi ya mdomo, ya pili, ya tatu. Wanawake yowe. Mchungaji akanivuta shati mpaka likachanika mgongoni, sikuachia. Nilimkaba koo kaka yangu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na nasema kweli, nilitaka anyamaze kabisa.

Nyuma yetu ndege ilikuwa inanguruma peke yake, magogo yako kwenye magurudumu. Kisha injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Kaka, damu kidevuni, akageuza shingo kuitazama. Kama ningemwacha, saa ile angekuwa juu ya migomba ya watu.

Mama alielewa kabla ya wote. Aliingia bandani, akatoka na panga, akalivamia lile dumu. Alilikatakata huku analia, "Ni mimi! Mimi nilitaka kumuua mwanangu!" Vipande vya plastiki vinaruka, gauni jipya limechafuka, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Mimi nikapiga magoti nimfute kaka damu. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kitambaa cha kwanza nilichokigusa. Ilikuwa ile ngozi ya kuchujia. Kavu, imekunjwa vilevile nilivyoikunja jana yake.

Kaka akaitazama. Akanitazama mimi. Akageuka pembeni, akatema jino kwenye nyasi.

Mpaka leo hajamwambia mama, na mimi sijasema. Siku hizi mama akiazima sufuria kwa jirani anairudisha na masizi yake na ukoko wake, na majirani wanamsengenya kwamba uzee umemfanya mchafu.